Mashine Inaona Mafuta, Haioni Chupa

Nyinyi mnaojifunza kupiga picha za tumbo siku hizi, nina ugomvi mdogo na nyinyi, na ni heri niumalize mapema. Juzi juzi nilienda kupimwa mimi mwenyewe, maana uzee hauji peke yake. Mwenzenu mmoja akanilaza, akanimwagia jeli baridi tumboni bila hata pole, halafu macho yake yakahamia kwenye skrini yakabaki huko. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi niko huku chini." Alishtuka, akacheka, akaniomba msamaha, na tukaishia kupiga gumzo mpaka waliokuwa kwenye foleni wakaanza kugonga mlango. Ndiye aliyenisukuma niandike haya. "Madam Nafula," aliniambia, "hizo stori zako si utuandikie kwa group ya darasa. Huku tunafundishwa mashine tu, watu hatufundishwi."

Haya basi, nawaandikia. Kazi hii niliianza Bungoma nikaimalizia Kitale, na sasa ninalima sukuma wiki na kufuga kuku wasiosikia. Sikuwa daktari. Nilikuwa mpiga picha za ndani ya mwili, ingawa kwa wagonjwa wetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, na kuwasahihisha nilichoka zamani. Nimeona mimba za kila namna, mawe ya nyongo, figo zilizovimba. Leo lakini nitawaambia habari za ini lenye mafuta, ugonjwa ambao nilipoanza kazi tulikuwa tunaupita tu, na ambao sasa nyinyi mtauona karibu kila asubuhi.

Aliyenifundisha kusoma ini ni Madam Chebet, mwanamke mfupi wa kutoka miteremko ya Mlima Elgon, mwenye sauti ya chini na maneno machache makali. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: "Ini likiwa peke yake halisemi kitu. Tafuta jirani yake." Jirani ni figo ya kulia. Unamgeuza mgonjwa kidogo, unapitisha kipimo kati ya mbavu mpaka ini na figo vikae kwenye picha moja. Ini lenye afya linakaribiana rangi na figo. Likijaa mafuta linakuwa jeupe, linang'aa, na figo inaonekana nyeusi kando yake. Na mawimbi ya sauti yanachoka njiani, kwa hiyo sehemu ya chini kabisa ya ini inafifia kama barabara kwenye ukungu.

Mimi katika wiki zangu za kwanza nilipenda picha zinazong'aa. Kile kitufe cha kuongeza mwanga nilikipandisha nikakiacha hukohuko juu. Asubuhi moja kila mtu aliyeingia alikuwa na ini la mafuta, mpaka mkimbiaji mmoja wa Kapsokwony aliyekonda kama ufito. Nikaanza kusikitikia nchi. Madam Chebet aliingia, akatazama picha, akanyoosha mkono wake mfupi akashusha kitufe. Ini likarudi rangi yake. "Nafula," akasema, "umenenepesha watu wote hawa kwa kidole kimoja." Tulitoka nje mpaka kwenye benchi kuwaita tena wote waliokuwa hawajaondoka, na mkimbiaji yule mpaka leo tukikutana ananiuliza kama ini lake bado ni nono.

Jambo la pili: ukimwambia mtu avute pumzi aishike, kumbuka kumwambia aachilie. Linaonekana jambo dogo. Mama mmoja nilimwambia ashike, halafu nikavutiwa na kijiwe kwenye kibofu cha nyongo, nikakizunguka huku na huku nikikipiga picha kama bibi harusi. Niliposikia kisigino kinapiga kitanda nikageuka. Macho yalikuwa yamemtoka. "Madam," alisema alipopata hewa, "si nilikuwa nangoja uniambie." Watu wetu nyumbani ni wabishi, lakini wakishalala kwenye kile kitanda wanakuwa watiifu kupita kiasi, na utiifu huo ni mzigo wenu kuubeba.

Na la tatu ndilo litakalotupeleka kwenye kisa chenyewe. Picha ya ini inataka mtu ambaye hajala. Sasa, mzee mmoja wa Sirisia alikuja Bungoma, nikamuuliza, "Mzee, umekula?" Akanijibu kwa uso mkavu, "Sijakura madam, tangu jana." Nikaweka kipimo. Tumbo lilikuwa limejaa mpaka ini silioni vizuri. Nilimkasirikia, nikadhani ananichezea. Madam Chebet akanivuta pembeni. "Wewe umezaliwa hapa hapa na hujui? Muulize tangu aamke ni nini kimepita mdomoni." Nikaenda kumuuliza. Chai ya maziwa. Viazi vitamu. Njugu kidogo za kutafuna njiani, na gunzi moja la mahindi ya kuchemsha ili asilale njaa kwenye foleni. "Lakini hiyo si chakura," alinieleza kwa upole, kama anayefundisha mgeni. "Ugari sijaona."

Alikuwa mkweli kabisa. Kwetu mtu ambaye hajapata ugali hajala, hata ashibe vipi. Kitabu mnachosoma kimeandikwa na mtu ambaye hajui hilo, kwa hiyo msimlaumu, ila nyinyi mnajua.

Miaka ilikwenda, nikahamia Kitale, na mashine mpya ikaletwa kwenye kituo tulichofanyia kazi. Zamani, daktari akitaka kujua kama ini limeanza kuwa na makovu, ilibidi sindano ndefu ipite ubavuni kuchota kipande chake. Wengi wakisikia sindano hawarudi. Mashine hii mpya haina kisu wala sindano. Unamlaza mtu chali, mkono wa kulia juu ya kichwa, unaweka kipimo kati ya mbavu, kinagonga taratibu kama mtu anayebisha hodi. Mshindo ule unasafiri ndani ya ini. Likiwa laini unakwenda polepole, likiwa gumu unakwenda mbio, na mashine inakupa namba ya ugumu, na nyingine ya mafuta. Mimi wagonjwa niliwaeleza kwa parachichi: pale sokoni Kitale hupasui parachichi kujua hali yake, unalibonyeza. Wote walielewa, na wengine waliniambia mimi ndiye nisiyejua kuchagua parachichi.

Hapo ndipo alipokuja Mwalimu Barasa wa Naitiri.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya ya kanisa lao, mtu mnene wa kupendeza, tumbo linatangulia naye anafuata, sauti ya kutikisa madirisha. Baba yake alikufa kwa chang'aa, tumbo limevimba na macho yamekuwa manjano. Barasa akiwa kijana alisimama kando ya kaburi lile akaapa mbele ya watu kwamba pombe haitapita kooni mwake. Naitiri nzima ilikijua kiapo hicho. Wazazi walimtaja kwa watoto wao kama mfano.

Sasa Mwalimu alipata maumivu ya ubavu, akaenda kwenye kliniki moja ndogo akapigwa picha, akarudi na karatasi inayosema ini lake lina mafuta na huenda limeharibika, apelekwe mbele. Mnajua neno ini linavyosikika kwetu. Tumezika walevi wengi mno. Ukisema moyo, watu wanasema pole. Ukisema sukari, wanasema pole. Ukisema ini, wanatazamana. Kabla ya Jumapili mbili kupita watu walikuwa wanasema lisemwalo lipo, na wazee wa kanisa walimwomba kwa upole apumzike kuongoza kwaya mpaka mambo yaeleweke.

Hayo yote angeyabeba. Kilichomvunja ni mke wake, Mama Nekesa. Walikuwa wamelea watoto wakawa watu wazima, na kwa mara ya kwanza alianza kumnusa. Mwalimu akirudi jioni anakutana naye mlangoni, anamsogelea usoni kama anataka kumwambia siri, anavuta pumzi, halafu anaondoka bila neno. Siku aliyokuwa aje kwetu kupimwa, Mwalimu alikuwa amelala kwa dada yake hapa Kitale. Mke alitoka Naitiri peke yake asubuhi, wakakutana kwenye benchi letu wakasalimiana kwa mkono kama wageni.

Waliingia chumbani. Kwenye karatasi ya mapokezi iliandikwa kwamba hajala. Mama Nekesa hakukalia kiti kilicho karibu na kitanda. Alichukua kile cha mlangoni, akapakata mkoba wake. Mimi huanza na kipimo cha kawaida, nione mpangilio wa tumbo, kabla ya kwenda kwenye ile mashine ya kugonga. Nikaweka jeli, nikatazama, na tumbo hili hapa, limejaa tele.

"Mwalimu," nikasema, "umekula."

"Sijakula, madam."

"Tumbo limejaa. Naliona."

Kutoka mlangoni nikasikia mkoba umeanguka sakafuni. Mama Nekesa alikuwa amesimama. "Umesikia? Umejisikia wewe mwenyewe? Mtu anadanganya mpaka mashine! Kama unaweza danganya daktari kwa mambo ya chakula, utashindwa kunidanganya kwa mambo ya chupa?"

"Mama Nekesa, haki ya Mungu sijakula."

"Wachana na Mungu bana. Mashine imekuona."

Uso wa Mwalimu ulikuwa umebadilika rangi. Nikamkumbuka mzee wa Sirisia, na Madam Chebet akinivuta koti. Nikamuuliza Mwalimu polepole, "Tangu uamke, ni nini kimepita mdomoni?"

"Ni chai tu dada alinipea. Na viazi kidogo. Na hiyo mayai alikuwa amechemsha, si ningeikataa aje? Lakini ugali sijaguza."

Nikageuka mlangoni. "Na wewe mama, umekula?"

"Mimi? Nitakula saa ngapi? Nimetoka Naitiri na giza."

"Na tangu uamke ni nini kimepita mdomoni?"

Alinitazama. Alinitazama tena. "Chai," akasema. "Pale steji. Na mandazi mbili. Lakini ata wewe daktari, hiyo ni kukula?"

Mwalimu alianza kucheka pale kitandani, kile kicheko cha mtu aliyekaa muda mrefu bila kucheka, na jeli ikatikisika tumboni. Mke wake hakucheka. Aliokota mkoba wake akakaa, ila nafikiri kuna kitu kilimgusa, maana hakutaja tena habari ya kudanganya siku ile.

Sikumpima. Chakula kinavuta damu nyingi kwenye ini, ini linakaza kwa muda, na namba inapanda juu ya ukweli. Ningempima vile, huenda karatasi ingemtaja kuwa mtu mwenye makovu, na karatasi ya namna hiyo ikifika Naitiri nani angeirudisha? Nikawaambia warudi wiki inayofuata. "Na mama, wewe pia ufunge," nikasema, "asije akakuona unatafuna akatamani. Tangu mlale mpaka mfike hapa, maji tu, hata hayo kidogo." Nikampa Mama Nekesa karatasi za kupangusia ili amsaidie mumewe kuondoa jeli. Alizipokea, akaziweka juu ya kitanda kando ya mumewe, akatoka nje kumngoja. Mwalimu alijipangusa mwenyewe. Niliumia kumtazama, nawaambia ukweli.

Wiki iliyofuata walirudi na njaa yao, wamenuna wote wawili. Nilimlaza, nikampiga picha ya kawaida, nikamwinua mkono, mashine ikagonga na kugonga mpaka namba zikakubaliana. Kumbukeni hapo: namba moja pekee msiiamini, ngojeni zishikane. Mwalimu alifumba macho muda wote huo, midomo inacheza. Nilipoona namba ya ugumu nilishusha pumzi. Ini lilikuwa laini. Mafuta ndiyo yalikuwa mengi, mengi sana, lakini makovu ya kutisha hayakuwepo. Daktari wetu aliitwa, akalinganisha na vipimo vya damu, akamwambia kwamba likitunzwa ini hili linaweza kurudi kuwa zima, kwa sababu ini ni kiungo chenye msamaha. Mwalimu alisema asante Yesu kwa sauti iliyosikika mpaka maabara. Daktari akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Ndipo Mama Nekesa aliinuka kwenye kiti cha mlangoni, akaja mpaka kitandani.

"Daktari, mimi niko na swali moja tu. Hiyo mashine inaweza niambia kama huyu mtu anakunywa?"

Mwalimu alifungua macho akanitazama. Vijana wangu, wakati ule nilitamani sana kusema ndiyo. Nilikuwa namwamini yule mtu. Neno moja tu kutoka kwangu lingemrudisha nyumbani kwake na kwenye kwaya yake, na hakuna mtu angekuja kuniuliza nimelitoa wapi. Lakini hilo neno mashine haikulisema.

"Hapana, mama," nikasema, nikimwonyesha ini jeupe la Mwalimu kwenye skrini. "Mashine inaona mafuta, haioni chupa. Mafuta ya pombe na mafuta ya sukari na sahani kubwa, yote yanang'aa namna moja."

Mwalimu aligeuza uso ukutani.

"Sasa kama mashine haijui," Mama Nekesa akasema, "mimi nitajua aje? Sitaki kumwacha, daktari. Nataka tu kujua nalala na nani."

Halafu akapandisha sauti kwa hasira. "Basi nionyeshe ini ya mtu hakunywi. Nione iko aje, nilinganishe na macho yangu."

"Wewe unakunywa?" nikamuuliza.

Nilidhani atanizaba kofi. "Mimi? Tangu nizaliwe, ata busaa ya kuonja kwa harusi sijawai weka kwa ulimi! Uliza Naitiri yote!"

"Basi Mwalimu ashuke, wewe upande. Lakini nakwambia mapema, nikiona kitu nitakwambia."

"Utaona nini? Panguza hiyo kitanda."

Akapanda, amejaa ushindi, akafungua vifungo kama shahidi anayekwenda kuapishwa. Mwalimu alisimama upande wa kichwa. Niliipasha jeli kwenye viganja kwanza, nikaweka kipimo, nikatafuta ini na jirani yake. Nilipoviona pamoja, kitu cha kwanza nilichofanya ni kutazama kile kitufe cha mwanga. Nilikishusha. Nikakishusha tena. Ini la Mama Nekesa liliendelea kung'aa jeupe kando ya figo nyeusi, na chini linafifia kwenye ukungu, vilevile kama la mume wake.

Niligeuza skrini aone. Picha ya mume alikuwa ameitazama muda mfupi tu uliopita, na yule mama hakuwa mjinga.

"Mbona yangu pia ni nyeupe?"

"Ni mafuta, mama."

"Mafuta ya nini?"

"Kama ya Mwalimu."

Akainua kichwa kidogo, akamtafuta mumewe kwa macho. "Sasa na mimi," akasema polepole, "na mimi nimekunywa wapi?"

Mwalimu angeweza kumlipa pale pale kwa kila jioni aliyonuswa. Alikuwa na haki hiyo, na mimi nilijiandaa kuisikia. Badala yake alijikuna shavu akasema, "Tumekunywa chai, Mama Nekesa. Ile chai yako tamu."

Mama alifunika uso kwa leso. Mwanzoni sikujua kama analia au anacheka, na nafikiri yeye pia hakujua. Mwalimu alichukua karatasi za kupangusia, akampangusa jeli tumboni taratibu, kama mtu anayesafisha meza baada ya wageni. Mimi nilijifanya nashughulika na nyaya.

Kuna atakayesema hiyo haikuthibitisha kitu. Ni kweli. Ini la mke haliwezi kuapa kwa niaba ya mume. Lilichoonyesha ni kwamba mtu anaweza kuvuna ini la namna ile bila kugusa pombe, kwenye nyumba ileile, kwenye sufuria ileile. Baada ya hapo Mama Nekesa aliamua mwenyewe kumwamini mtu wake. Hayo mengine hayakuwa ya mashine wala yangu.

Walikaa kwa daktari na mtaalamu wa lishe karibu mpaka adhuhuri, wakirusha lawama huku na huku kwa furaha. Ikajulikana kwamba chai inapikwa na sukari ndani, halafu sukari inawekwa tena mezani kwa heshima ya mgeni, halafu wenye nyumba nao wanajihesabu wageni. Ikajulikana kwamba kila kwaya inapoimba kuna soda, na kwamba Mwalimu alichukuliwa na bodaboda hata kwenda kwenye kanisa analoliona kutoka mlangoni kwake. Ugali wa usiku ulikuwa mlima, na wakishaupanda wanalala hapohapo kileleni. Dawa waliyoandikiwa ilikuwa chungu: sahani ndogo, nusu yake mboga za majani, mrenda na managu na kunde, chai isiyo na sukari, kutembea kwa miguu mpaka jasho litoke, na kurudi kupimwa baada ya miezi kadhaa.

Najua mnachofikiri, kwamba hapo kazi iliisha. Kwetu kazi ndipo ilipoanza, kwa sababu kunenepa ni heshima. Mwanamume akikonda, watu wanamuuliza mke anampikia nini. Wakikonda wawili, wanaanza kuchangia jeneza. Mwalimu alinipigia simu siku moja akaniambia shemeji zake wamekuja kwa ujumbe kabisa, wamekaa sebuleni, wamekohoa, wakauliza kama wana ule ugonjwa, na kama watoto wameambiwa. Nikamuuliza amewajibu nini. "Nilinyamaza, madam. Mama Nekesa ndiye alisimama."

Na hakusimama sebuleni tu. Jumapili iliyofuata aliomba nafasi kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Aliwaambia, "Nyinyi mnanijua. Kuna mtu hapa amewai kuniona na kikombe ya pombe?" Wakasema hapana. "Basi ini yangu ilikuwa imejaa mafuta kama ya Mwalimu. Mimi ndiye nilikuwa namnusa. Sasa mkitaka kuninusa, njooni." Wazee walimrudisha Mwalimu kwenye kwaya kabla hata ya karatasi yoyote kutoka Kitale, na mazoezini soda ikabadilishwa kuwa maji. Wengine, aliniambia, waliacha kwaya kwa sababu hiyo, lakini walikuwa waimbaji wabaya.

Ilipofika siku ya kurudi niliwaona mlangoni nisiwatambue. Mwalimu alikuwa amepungua tumbo, shati linapepea. Mama Nekesa alikuwa amevaa raba za kutembelea chini ya gauni la kanisa. Nyuma yao kwenye benchi walikuwa wameketi akina mama wengine wa Naitiri, wamefunga vilemba, wanataka nao kuonyeshwa maini yao.

"Mmekula?" nikawauliza kwa uchokozi.

"Hakuna kitu imepita mdomoni!" wakajibu wote kwa pamoja, na benchi likacheka.

Nilimlaza Mwalimu. Mama Nekesa alikuja kukaa kwenye kiti cha karibu, bila kuambiwa. Mashine ikagonga, ikagonga, namba zikashikana. Ini lilikuwa laini vilevile, na namba ya mafuta ilikuwa imeshuka sana. Bado yalikuwepo, lakini ukililinganisha na figo, sasa ilibidi uchungulie. Nikawaambia. Mwalimu hakupiga kelele safari hii. Alishika mkono wa mkewe akauweka kifuani.

Sasa nawaambieni la mwisho, na hili halimo kwenye kitabu chenu. Kipimo kikishainuka, msikimbilie kuandika. Tazameni jeli. Tazameni ni nani anayeipangusa. Nilinyoosha mkono kuchukua karatasi nimpe Mama Nekesa, nikakuta pakiti haipo. Alikuwa ameshaichukua. Alikuwa ameinama juu ya mumewe, anampangusa ubavu mzima kwa utaratibu, mpaka kwenye mikunjo, huku anamkaripia, "Tulia bana, usivae shati na hii kitu baridi," na uso wake ulikuwa karibu kabisa na mdomo wa Mwalimu, na hakumnusa.